Wadudu Wazuri wa Tumbo la Mama

Neno lililotuponza ni langu. Silisemi hili ili nionewe huruma. Huruma nimeshapewa ya kutosha na haikunifaa kitu. Nalisema kwa sababu mpaka leo watu wa kwetu Mbwera wanaamini aliyekosea ni mama mkubwa, dada yake mama, pamoja na sanamaki yake. Naye mama mkubwa lawama hiyo ameibeba kimya, hata siku moja hajanyoosha kidole upande wangu.

Mimi ni fundi cherehani Kibiti. Kibanda changu kiko karibu na barabara kuu, upande wanaoshukia abiria wa kutoka Ikwiriri, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Mama anaishi Mbwera, huko kwenye visiwa vya delta alikonizaa, na kaka yangu analima mpunga hatua chache kutoka mlangoni kwake. Katika nyumba yetu ni mimi peke yangu niliyefika kidato cha nne. Kwa watu wasiopenda karatasi, hilo linatosha kukufanya msemaji wao katika kila ofisi. Kwa hiyo uvimbe ulipoonekana kwenye titi la mama, ukapimwa, ikasemwa ni saratani, hakuna aliyeuliza nani atampeleka Dar es Salaam. Walinitazama tu.

Tulikuwa tumefika dripu ya pili ya dawa ya saratani. Ratiba ilikuwa dripu moja kila baada ya wiki tatu, na katikati mama alirudi Mbwera, kwa sababu alikataa katakata kukaa kwenye chumba changu kimoja. "Siwezi kuugulia mahali pasipo na maji ya kutazama," alisema. Nilimkasirikia sana. Kutoka Kibiti mpaka Nyamisati ni mashimo na vumbi, na kutoka Nyamisati mpaka Mbwera ni boti, na boti inafuata saa za maji, haifuati saa za hospitali. Lakini mama akisema hapana, amesema.

Siku hiyo ya dripu ya pili mama alikuwa ndani amechomwa sindano, mimi nimebaki na daktari. Alikuwa binti mdogo kwangu kama kwa miaka kumi hivi, mwenye tabia ya kukutazama usoni mpaka umalize kusema, hata kama unasema upuuzi. Nilimuuliza jambo dogo. Mama alikuwa na kikohozi chepesi, nami nilitaka kumnunulia rangi mbili. Kwetu vidonge vya rangi mbili ni dawa ya kila kitu: kikohozi, jipu, kidonda, tumbo. Unanunua vinne dukani, ukipata nafuu unabakiza viwili vya siku nyingine.

Daktari aliweka kalamu chini.

"Usimpe," akasema. "Ile ni antibiotiki. Inaua bakteria, na haichagui."

Akanieleza kwamba tumboni mwa kila mtu mna bakteria wengi wasiohesabika, na wengi wao ni wema. Wanasaidia kusaga chakula. Zaidi ya hapo, wanazoeza kinga ya mwili kujua adui ni nani na mwenyeji ni nani. Ukiwaua ovyo, tumbo linavurugika, na tumbo lililovurugika halinyamazi. Linatoa ishara. Ishara zinaingia kwenye damu na kufika mbali, mpaka kwenye titi, na huko zile chembe za kinga zinabadilika tabia. Badala ya kuizuia saratani, zinaweza kuiachia njia ikahamia sehemu nyingine.

"Kwa hiyo tumbo na titi vinasemezana?" nikauliza.

"Vinasemezana, na anayepeleka maneno ni kinga ya mwili. Haya mengi yameonekana kwa panya. Kwa binadamu wataalamu bado wanafuatilia, sitaki nikudanganye. Lakini tunajua vya kutosha kusema usimpe mgonjwa wa saratani antibiotiki isiyo na sababu. Ikihitajika tutampa wenyewe, tena bila kusita."

"Na hao bakteria, ndio wadudu?"

Alifikiri kidogo. "Kwa Kiswahili cha nyumbani, ndiyo, wadudu. Lakini wadudu wazuri."

Nilitoka pale nimefurahi. Nasema kweli, nilifurahi kama mtu aliyepewa kitu cha kwenda kuonyesha. Miezi yote nilikuwa napeleka Mbwera habari za tarehe na foleni. Sasa nilikuwa na elimu.

Tuliteremka Mbwera kesho yake mchana. Mama alijilaza ndani, mlango wazi, na mimi nikakaa mkekani barazani na mama mkubwa, kaka na mkewe. Nilikuwa nirudi na boti ileile, kwa sababu nilikuwa nimeacha vitambaa vya shule nzima mezani, na boti haikuwa na muda. Maji yalikuwa yameanza kupwa.

"Haya, dokta kasemaje?" akauliza mama mkubwa.

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi maishani. Afisa kasemaje, mwalimu kasemaje, karani kasemaje. Nami nilishazoea kulijibu kwa mkato, maana watu wangu hawapendi hadithi ndefu na mimi sipendi kurudiarudia.

"Kasema tumboni mwa mama mna wadudu," nikasema. "Wana uhusiano na ugonjwa wa titi. Tumbo likichafuka, ugonjwa unaweza kusambaa ukaenda kwingine."

Nilikuwa nataka kuendelea. Naapa nilikuwa nataka kuendelea, neno "wazuri" lilikuwa mdomoni. Lakini kutoka gatini mwenye boti alianza kuita, na anapoita ni kwamba maji hayamruhusu kungoja. Nikasimama nikafunga kanga yangu, nikasema mengine nitawaeleza kwa simu. Nikakimbia. Nyuma yangu nilimsikia mama mkubwa akisema jambo kwa Kindengereko na kaka akiitika, na kule ndani kitanda cha mama kikalia.

Sasa ngoja niseme lile ambalo fundi cherehani anapaswa kulijua, kwamba ukikata kitambaa kabla ya kupima huwezi kukirudisha. Katika Kiswahili chetu mdudu mzuri wa mwilini hayupo. Kuna mdudu wa kidole, anayekuvimbisha kucha mpaka ukose usingizi. Kuna mdudu wa jino. Kuna lile gonjwa ambalo watu wakiogopa kulitaja wanasema fulani ana mdudu. Ukimwambia mtu wa Mbwera kwamba tumboni mwake mna wadudu, umemwambia jambo moja tu.

Kwa simu sikueleza kitu. Mtandao Mbwera unapatikana ukisimama mahali fulani nyuma ya msikiti, na mama hakuwa na nguvu za kusimama. Alipopatikana, tulizungumza dakika mbili tatu, na kila mara aliniuliza swali lilelile.

"Tumbo lako halikuumi?"

"Haliniumi, mama."

"Hata kidogo?"

"Mama, mgonjwa ni wewe."

Wiki ya pili akanitumia kifurushi kwa mwanamke mmoja anayeleta kaa sokoni Kibiti. Kilikuwa kimefungwa gazeti, na ndani mlikuwa na majani makavu ya sanamaki, kiasi cha kumharisha ng'ombe. Ujumbe ulikuwa nichemshe ninywe asubuhi tatu mfululizo kabla sijala kitu. Nilidhani mama anasema nimenenepa. Nilikitupa kwenye droo ya cherehani, na kwa siku nzima nilinuna.

Nilipokwenda kumchukua kwa dripu ya tatu, nilimkuta kwenye mkeka nyuma ya nyumba, karibu na choo. Hakuwa amehamia pale kwa kupenda. Mashavu yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya mikono ukiivuta ilibaki hivyohivyo. Kaka naye alikuwa amesinyaa. Nilipomuuliza akasema tumbo tu, akatazama pembeni. Mke wa kaka ndiye aliyenieleza. Siku tatu za sanamaki, halafu, kwa kuwa wadudu wengine huenda walibaki, vidonge vya rangi mbili kutoka dukani, dozi nzima, asubuhi na jioni.

"Nani kamchemshia?" nikauliza.

"Mama mkubwa."

Nilimwendea mama mkubwa jikoni kwake. Sikumsalimia. Mimi, mtoto niliyelelewa na mikono yake, nilisimama mlangoni bila shikamoo, nikamuuliza kama anataka kumuua dada yake. Alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta.

"Wewe ndiye uliyesema wadudu, mwanangu," akasema.

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningepata pa kushika. Niligeuka nikaondoka, na kutoka dakika ile nikajiona nimefungiwa mahali pasipo na mlango, kwa sababu kila nilipotafuta mtu wa kumlaumu nilikuta amesimama nyuma ya neno langu mwenyewe.

Ilikuwa siku za maji mafu, yale yasiyojaa sana. Mwenye boti alisema twende hivyohivyo, na tukaenda, abiria kama kumi na magunia ya kaa na mpunga. Tulipoingia kwenye mto mwembamba kati ya mikoko, boti ikakwaruza chini, ikasita, ikakaa. Wanaume waliruka wakasukuma wakiwa wamezama mpaka mapajani. Haikutoka. Kwetu kuna neno la jambo hilo, kupwelewa: maji yamekupwa ukiwa bado njiani, chombo kimelala kwenye tope, na huna la kufanya ila kungoja yajae tena. Waliokuwa na tende wakatoa tende. Mwanamume mmoja akajifunika kofia usoni akalala. Mimi nikatazama mizizi ya mikoko ikijitokeza mmojammoja na nikahesabu saa. Miadi ya hospitali ilikuwa kesho asubuhi.

Hatukukaa hata saa moja, mama akanishika mkono. Sikuhitaji kuuliza. Ndani ya boti, mbele ya watu kumi, hakuna pa kwenda. Ukiteremka, tope linakumeza. Wanawake wawili wakanyanyua kanga zao bila kuombwa wakamzungushia, wanaume wakageuza shingo, na mimi nikamshikia mama ndoo ya kuchotea maji. Alifanya hivyo mara nne kabla ya maji kurudi. Kila mara nilimwaga ndoo kando na kuisuuza kwa maji kidogo yaliyobaki, jua limetukalia utosini, na harufu ikabaki palepale, kwa sababu hapakuwa na upepo wa kuiondoa.

"Bora yatoke yote," mama alisema mara ya nne, macho yamefumba.

Nilidhani amechanganyikiwa kwa kukauka maji. Nilimpa maji ya chumvi na sukari kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimojakimoja, na nikawa namuomba Mungu kwa hasira, jambo ambalo sijui kama linaruhusiwa.

Tulifika hospitali siku moja baada ya miadi. Walimtoa damu. Tulikaa kwenye benchi la korido mpaka mchana, halafu daktari yuleyule akatuita, majibu mkononi, uso haucheki.

"Shikamoo mama. Umekonda sana," akamwambia mama. Kisha akanigeukia. "Ameharisha siku ngapi? Amekunywa dawa yoyote isiyo yetu? Antibiotiki?"

"Hapana," nikasema.

Nilisema upesi, kabla ya yeye kumaliza. Alinitazama usoni kama kawaida yake, akingoja labda nitaongeza kitu. Nikatazama kalenda ukutani. Mama alikuwa ameketi kando yangu na hakusema neno, kwa sababu hospitali ni mimi ninayesema, ndivyo tulivyozoea. Ningemwambiaje yule binti? Kwamba alinipa onyo na sababu yake, akanifafanulia kama mtu mwenye akili, nami nikaenda nikaligeuza kuwa kinyume chake?

"Basi ni dripu yenyewe imemzidi nguvu," akasema, akiandika. "Chembe nyeupe za damu ziko chini. Leo hatuwezi kumpa. Tutamwongeza maji, na atakaa karibu hapa Dar es Salaam wiki mbili tumwangalie. Na dripu ijayo itabidi nipunguze dozi."

"Ikipunguzwa, inafanya kazi vilevile?"

"Si vilevile," akasema. "Lakini kama mwili wake hauiwezi, nifanyeje?"

Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa pana, ningeweza kupita nayo. Nikasema asante dokta.

Tulipanga chumba Mbagala, cha kulipia kwa wiki. Kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaugusa. Mama, aliyesema hawezi kuugulia pasipo maji, aliugulia hapo. Kuharisha kulipungua siku ya tatu na uji ukaanza kukaa. Mimi ndiye niliyekosa kutulia. Nilifua nguo safi. Nilikwenda dukani kununua kiberiti tulichokuwa nacho. Kila nilipomtazama mama akinywa uji, niliona ile dozi iliyopunguzwa, dawa pungufu itakayoingia kwenye mshipa wake kupambana na ugonjwa kamili, na sababu yake si mwili wake. Sababu yake ni mimi niliyeona aibu mbele ya mtu mwenye kalamu. Nilijipangia maneno ya kumwambia daktari, na kila nilipoyapanga yaliishia na yeye kunitazama usoni.

Asubuhi moja mama alikuwa na nguvu ya kuketi. Aliomba ungo, akaanza kuchambua mchele, taratibu, punje na kokoto.

"Ile niliyokutumia ulikunywa?" akauliza.

"Ipi?"

"Sanamaki."

Nilitaka kumkemea, halafu nikaona mikono yake imesimama juu ya mchele.

"Sikunywa, mama. Ninywe kwa nini?"

"Kaka yako alikunywa. Alikataa, nikamlazimisha, akashinda chooni siku mbili." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Ulisema tumboni mwangu mna wadudu. Na nyie mmetoka humo."

Sikuelewa bado. Yeye akaendelea, macho kwenye ungo.

"Kuna wawili kati ya kaka yako na wewe. Unajua."

Nilijua. Hawatajwi sana nyumbani. Mmoja hakufikisha arobaini, mwingine alikuwa ameshaanza kutambaa.

"Walizaliwa wazima," mama akasema. "Watu walisema Mungu kawapenda zaidi. Nami nikasema hivyohivyo, miaka yote hiyo, nikikutana na mtu nasema Mungu kawapenda. Kumbe ni tumbo langu. Niliwapa mwenyewe. Sasa nimebakiwa na wewe na kaka yako, na haya mambo yanasambaa, umesema mwenyewe yanasambaa. Mimi nimeshazeeka. Sikulisafisha ili nipone."

"Mama mkubwa ndiye..."

"Dada yangu hakutaka. Alisema mgonjwa hanyweshwi sanamaki. Nililia mpaka akachemsha. Na vile vidonge nilimtuma kaka yako mimi."

Nililia pale chini, kwenye saruji, kichwa kwenye miguu yake. Miezi ile yote nililia kwa hofu na kwa uchovu. Siku hiyo nililia kwa aibu, na aibu inalia vibaya zaidi. Nilipoweza kusema nilimweleza kila kitu. Kwamba wadudu wale kila mtu anao. Kwamba ni wazuri, wanatulinda, kwamba hawana habari na watoto waliokufa, kwamba sikumaliza kusema kwa sababu ya boti. Nilieleza kwa ufasaha kuliko nilivyowahi kueleza jambo lolote.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipapasa kichwa.

"Unanipoza," akasema. "Umefanya vizuri, mwanangu. Lakini hakuna mdudu mzuri."

Nikajua basi kwamba neno langu halina tena thamani kwake. Nilikuwa nimelitumia vibaya mara moja na sasa halikuweza kufungua nilichokifunga. Aliyeweza kukifungua ni mtu mmoja tu, yule daktari, na ili akifungue ilibidi ajue kwanza kwamba nilimdanganya.

Wiki mbili zilipokwisha tuliingia chumbani kwa daktari, na kabla hajafungua faili nikasema. Nilisema kila kitu: sanamaki, siku ngapi, vidonge vya rangi mbili, dozi nzima, na kwamba aliponiuliza nilijibu uongo. Safari hii nilimtazama usoni.

Daktari alilivuta faili karibu.

"Ungeniambia siku ile," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nampunguzia dozi bure."

"Ndiyo, dokta."

Alifungua faili, akakata mstari mmoja kwa kalamu na kuandika mwingine juu yake, akatazama majibu mapya ya damu, akasema dozi itabaki ileile ya mwanzo na dripu itatolewa leo. Sikuwa najua mtu anaweza kuelemewa na shukrani mpaka ashindwe kuisema.

Kisha akasogeza kiti chake mbele ya mama, magoti yao yakakaribia kugusana, akamweleza mwenyewe. Alikwenda polepole. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Wazuri?" mama akauliza.

"Wazuri, mama. Ukiwaosha wote unajidhuru."

Mama akafikiri. "Kama tope la mafuriko," akasema. "Mto ukipanda unaliacha shambani. Mgeni anaona uchafu. Lakini mpunga hauna chakula kingine."

"Hivyohivyo," daktari akasema, na nadhani hakuwahi kuona shamba la mafuriko maishani mwake.

"Na wanangu wawili waliokufa wachanga?"

Daktari hakukimbilia kujibu. Alimtazama mama kama anavyotazama kila mtu. "Sijui kilichowaua, mama. Ni zamani, na sikuwepo. Lakini si hawa wadudu, na si wewe. Hilo nalijua."

Mama aliziba uso kwa ncha ya mtandio. Tulingoja, wote wawili, mpaka akaushusha.

"Na huyu?" akauliza, akininyooshea kidole.

Nilitaka kucheka. Lakini daktari alikuwa ameshanigeukia, na hakucheka.

"Huyu nitampima," akasema. "Si kwa ajili ya wadudu. Ni kwa sababu wewe mama yake umepata saratani ya titi, na ugonjwa huu wakati mwingine unafuata damu ya ukoo. Ameshawahi kupimwa?"

Nilikuwa sijapimwa. Miezi yote ile ya kumpeleka na kumrudisha, haikunipitia kichwani kwamba nami nina matiti. Mama alitolewa akakae kwenye benchi la korido kungoja zamu ya dripu, na mimi nikalazwa kwenye kitanda chembamba nyuma ya pazia, mkono mmoja chini ya kichwa. Dari ilikuwa na alama ya maji yaliyovuja. Vidole vya daktari vilizunguka taratibu, vikasimama mahali, vikarudi, vikapita tena palepale. Nilimfikiria mama juu ya ule mkeka karibu na choo, akijikausha ili mimi nisije nikalala hapa nilipolala. Alikuwa amekosea wadudu na amekosea dawa. Kuhusu hatari hakukosea sana.

Nilitoka nikifunga vifungo. Mama alikuwa peke yake kwenye benchi, ameshika kadi yake kwa mikono miwili.

"Dokta kasemaje?" akauliza.

Niliketi kwanza. Nililiweka kila neno mahali pake kabla ya kufungua mdomo.

"Kasema leo hajaona kitu. Kasema leo, mama, hakusema siku zote. Kuna mahali alipapitia mara mbili, akasema ni nyama ya kawaida, lakini nirudi mwezi ujao nipigwe picha ili awe na hakika. Na baada ya hapo nije kila mwaka."

Mama alinitazama sana. Nesi alikuwa ameshalitaja jina lake mlangoni, mara moja, mara ya pili. Hakunyanyuka.

"Rudia," akasema. "Tangu mwanzo. Usiache neno."

Nikamwinulia nesi mkono angoje kidogo, nikarudia.